Louis Favre, Seremala Aliyetoboa Mlima wa Gotthard

Katika safu ya leo tunawaletea wasomaji wetu, hasa ndugu zetu walio katika jeshi na polisi, maisha ya Louis Favre, Mswisi aliyefariki mwaka 1879 ndani ya handaki la reli alilokuwa akilichimba. Tumemchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba nchi zetu za Afrika ya Mashariki zimeanza tena kuzungumza habari za reli mpya na za kutoboa milima. Wakenya wanalo handaki la zaidi ya kilometa 4 chini ya vilima vya Ngong, na Watanzania tangu mwaka 2024 wanapitisha treni za umeme ndani ya mahandaki ya Kilosa wanapokwenda Dodoma. Sababu ya pili ni kwamba katika maisha ya mtu huyu imo siku moja ambapo watu wenye bunduki waliitwa kwenye mdomo wa handaki, na habari ya siku hiyo inamhusu kila abebaye silaha ya serikali.

Favre alizaliwa mwezi Januari mwaka 1826 katika kijiji cha Chêne, karibu na mji wa Geneva. Baba yake alikuwa seremala, na mtoto akafuata kazi ya baba. Alipofikia umri wa ujana alifanya kama walivyofanya mafundi wengi wa zama zile: alifunga vyombo vyake mgongoni akaondoka kwao kwenda kuzunguka Ufaransa, akifanya kazi mji huu na mji ule ili akomae katika ufundi. Hakupata kusoma katika chuo kikuu cha uhandisi. Alichokipata kwa masomo ya jioni na kwa kuwatazama wakubwa wake wa kazi ndicho kilichokuwa elimu yake, pamoja na jicho la seremala, ambalo huona upesi mahali ambapo mti utapasuka.

Bahati yake ilikuwa kuzaliwa wakati ambapo Ulaya ilikuwa ikitandaza reli kila upande. Makampuni yalihitaji watu wanaoweza kukusanya vibarua, kuwalisha, kuwalipa na kuwafanya wamalize kazi kwa siku iliyopangwa. Favre aliweza hayo yote. Kidogo kidogo akawa mkandarasi, akachukua vipande vya reli, kisha madaraja, kisha mahandaki mafupi. Alipofika umri wa miaka 40 na kitu alikuwa mtu mwenye mali, mwenye shamba zuri kando ya Geneva, na angeweza kuketi pale akastarehe mpaka uzee wake. Hakuketi.

Hapa yatupasa kueleza mlima wenyewe. Gotthard ni kundi la milima katikati ya Uswisi, nayo ni kama paa la nyumba kwa Ulaya ile: mito ya Rhine, Rhône, Reuss na Ticino yote huanzia kandokando yake na kwenda pande mbalimbali. Anayetoka Ujerumani kwenda Italia kwa njia fupi hana budi kuuvuka. Kwa karne nyingi watu waliuvuka kwa miguu, kwa nyumbu na baadaye kwa magari ya farasi, wakipanda mpaka zaidi ya meta 2,100 juu ya usawa wa bahari, na wakati wa baridi theluji iliifunga njia. Mwaka 1869 Uswisi na Italia zilitia sahihi mapatano ya kujenga reli mahali hapo, na mwaka 1871 Ujerumani ikaingia katika mapatano hayo. Kila moja ya nchi hizo tatu iliahidi kutoa mamilioni ya faranga. Kampuni ya reli ya Gotthard ikaundwa, na mwenyekiti wake akawa Alfred Escher, mwanasiasa na tajiri wa Zurich.

Reli ilikuwa ipande bonde mpaka kijiji cha Göschenen upande wa kaskazini, iingie ndani ya mwamba, itokee Airolo upande wa kusini. Vijiji hivyo viwili viko kwenye mwinuko wa meta 1,100 na ushei, karibu sawa na mji wa Kampala. Kati yao palikuwa na kilometa 15 za mwamba, na mahali pengine kilele kilikuwa zaidi ya meta 1,500 juu ya pale ambapo treni ingepita. Kwa hiyo haikuwezekana kuchimba visima vya kuingizia watu na hewa katikati ya njia. Kulikuwa na milango miwili tu, na waliokuwa ndani walipaswa kupumua kwa milango hiyo miwili.

Handaki refu kuliko yote ya milimani wakati huo lilikuwa lile la Mont Cenis, kati ya Ufaransa na Italia, lenye kilometa 12 na zaidi. Kulichimba kulichukua tangu mwaka 1857 hadi 1871, yaani miaka 14 hivi. Kampuni ya Gotthard ilitaka handaki lililo refu kuliko hilo kwa muda wa miaka 8.

Zabuni zilipoitishwa mwaka 1872 walijitokeza wakandarasi kadhaa. Miongoni mwao walikuwapo Waitalia waliokuwa na uzoefu wa Mont Cenis, nao walidai fedha nyingi zaidi wala hawakutaka kubanwa sana na masharti. Favre alitaja bei ya chini na muda mfupi. Tarehe 7 Agosti 1872 alitia sahihi. Masharti yenyewe yalikuwa haya: aweke dhamana ya faranga milioni 8, kama angemaliza mapema angezawadiwa faranga 5,000 kwa kila siku aliyookoa, kama angechelewa angetozwa faranga 5,000 kwa kila siku katika miezi 6 ya kwanza, kisha 10,000 kwa kila siku, na kama angechelewa mwaka mzima dhamana yote ingepotea. Siku ya mwisho ilihesabiwa kuwa tarehe 1 Oktoba 1880.

Tukiusoma mkataba ule leo tunaona jambo moja lililo wazi. Wapimaji walikuwa wamekwisha kupima juu ya mlima kwa ustadi mkubwa, na mstari wa handaki ulijulikana. Lakini hakuna aliyejua vema kilichokuwa ndani. Wataalamu wa mawe walitazama miamba ya juu wakakisia ya chini. Kama mwamba ungekuwa mgumu kuliko ilivyokisiwa, kama maji yangebubujika, kama udongo laini ungetokea, hasara ilikuwa ya mkandarasi. Favre aliyajua hayo akakubali. Kamanda akikubali kufika mahali fulani siku fulani bila ya kujua daraja lililo njiani kama lipo au limevunjika, wanaoulipia ukubali wake si yeye peke yake.

Kazi ilianza mwaka uleule, pande zote mbili. Njia ya kuchimba ilikuwa hivi. Kwanza walitoboa tundu dogo sehemu ya juu ya handaki, lenye meta mbili na nusu hivi kwenda juu na upana kama huo. Mbele ya tundu hilo lilisukumwa gari dogo lililobeba keekee kadhaa, nazo ziliendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa ambayo ilipita katika mabomba marefu kutoka nje. Nje, maji ya mito yaliyokuwa yakiporomoka yalizungusha mitambo ya kushindilia hewa. Mwanasayansi wa Geneva, Daniel Colladon, ndiye aliyemsaidia Favre katika jambo hilo. Matundu ya keekee yalijazwa baruti ya dinamiti, ambayo Alfred Nobel alikuwa ameivumbua miaka michache tu kabla ya hapo. Watu walirudi nyuma, mwamba ukalipuliwa, vibarua wakaingia kuzoa kifusi, na gari la keekee likasukumwa mbele tena. Nyuma yao wengine walilipanua tundu hilo kwenda kando na kwenda chini, na wengine tena walijenga kuta na tao la mawe. Zamu zilikuwa za saa nane nane, mchana na usiku.

Ile hewa ya keekee ndiyo pia iliyokuwa ya kupumua, nayo haikutosha. Kadiri walivyokwenda mbele ndivyo moshi wa dinamiti, moshi wa taa za mafuta, jasho la watu na mavi ya farasi vilivyozidi kukaa ndani. Joto lilipanda likapita nyuzi 30. Upande wa Airolo maji yalitoka mwambani kwa nguvu, zaidi ya lita 200 kwa sekunde, hata watu wakafanya kazi miezi na miezi maji yakiwa miguuni. Upande wa Göschenen, karibu kilometa 2.8 kutoka mlangoni, chini ya bonde la Andermatt, mwamba ulikuwa umeoza ukawa kama udongo, na ulipopata unyevu ulivimba. Tao la mawe lililojengwa hapo lilipondwa. Likajengwa jingine, nalo likapondwa. Ilibidi mwishowe kujenga kuta nene kupita kiasi ili mlima utulie. Kila siku iliyopotea pale ilikuwa na bei yake katika mkataba.

Vibarua wenyewe karibu wote walikuwa Waitalia, wengi kutoka kaskazini mwa nchi yao. Walifika kwa maelfu katika vijiji ambavyo havikuwa na nyumba za kuwatosha. Katika chumba kimoja walilala wengi, na kitanda hakikupoa: aliyetoka zamu alilala mahali alipoondoka anayeingia zamu. Mishahara ya wengi ilikuwa kati ya faranga 3 na 4 kwa siku, na humo yalikatwa mafuta ya taa na vitu vingine. Sehemu ya malipo ilitolewa kwa hati za kununulia vitu katika duka la kampuni.

Sasa tufike kwenye siku tuliyoitaja.

Jioni ya tarehe 27 Julai 1875 kundi la vibarua wa Göschenen lilitoka ndani ya handaki kabla ya zamu kwisha. Walilalamika kwamba moshi baada ya mlipuko hauondoki na kwamba hawawezi kurudi mahali pale mpaka hewa isafishwe. Wengine wakajiunga nao, na madai ya mshahara yakaongezwa: walitaka faranga moja zaidi kwa siku. Walisimama mbele ya mdomo wa handaki wakazuia watu wasiingie. Kampuni ya Favre ilipeleka simu Altdorf, makao makuu ya jimbo la Uri, kuomba msaada.

Jimbo la Uri lilikuwa dogo na la watu wa milimani. Halikuwa na kikosi kilichozoea kutuliza ghasia. Waliopatikana ni polisi wachache, na pamoja nao wanamgambo waliokusanywa haraka haraka wakapewa bunduki. Watu hao walipelekwa Göschenen siku ya pili yake, tarehe 28. Hawakuijua lugha ya watu waliokwenda kuwakabili. Hawakuwa wamefundishwa kusimama mbele ya umati uliokasirika bila ya kufyatua risasi. Walikuwa wachache, na mbele yao palikuwa na mamia ya watu wenye njaa na hasira katika bonde jembamba lenye mawe kila upande. Mawe yakaanza kurushwa. Bunduki zikalia. Moshi ulipoondoka, Waitalia wanne walikuwa wamekufa au walikuwa katika kufa, na wengine wamejeruhiwa.

Baada ya siku chache kazi iliendelea. Waliokataa kurudi waliondoka, na wengine wakaja mahali pao, kwa maana umaskini wa nyumbani kwao haukuwa na likizo. Serikali ya shirikisho ya Uswisi ilituma mjumbe wake kufanya uchunguzi, na malalamiko ya vibarua juu ya hewa, makazi na malipo yakaandikwa katika karatasi za serikali.

Sisi hatukuwapo, wala hatutaki kuketi katika kiti cha hakimu baada ya miaka karibu 150. Lakini msomaji aliyewahi kupangwa katika mstari mbele ya umati anajua ya kuwa makosa ya saa ile yalikuwa yametendwa mapema, na watu ambao hawakushika bunduki. Yalitendwa pale mkataba ulipowekewa tarehe bila ya kuujua mwamba, na tena pale hewa ilipokuwa ikinunuliwa kwa hesabu ya chini. Wanamgambo wa Uri walifika mwisho kabisa, wakapewa kazi ya kulimaliza kwa dakika chache jambo lililokuwa limepikwa kwa miaka mitatu. Wengi wao walikuwa wakulima na mafundi, na jioni walirudi kwao wakiwa wameua. Lawama ya kulenga ni yao, hatuwezi kuwafutia. Lawama ya kuwatuma bila ya mafunzo, bila ya mkalimani, na bila ya mtu mwenye mamlaka ya kuahidi hata kuongeza hewa, si yao.

Na Favre je? Walioandika habari zake wanamweleza kuwa mtu mwenye ucheshi, aliyependa kuingia mwenyewe ndani kuzungumza na mafundi, naye hakusahau kuwa alianza na msumeno na nyundo. Tunaamini hivyo. Hata hivyo yule yule aliyekuwa fundi ndiye aliyeweka sahihi, na uzito wa sahihi yake aliupitisha kwa walio chini kama vile mlima ulivyokuwa ukiupitisha uzito wake juu ya lile tao la Andermatt. Mambo haya mawili yamo katika mtu mmoja, na hatuoni haja ya kuliondoa moja ili jingine lipendeze.

Baada ya mwaka 1875 shida zilimwandama kila upande. Kampuni ya reli yenyewe iligundua kwamba hesabu zake za mwanzo zilikosea kwa zaidi ya faranga milioni 100, na kwa muda ikaonekana kama reli yote ingeachwa. Alfred Escher akalaumiwa, akajiuzulu mwaka 1878. Wahandisi wakuu wa kampuni na Favre waligombana juu ya namna ya kuchimba: wao walitaka sehemu zote za handaki ziende pamoja kwa utaratibu, naye alikimbiza lile tundu dogo la mbele, kwa kuwa ndilo lililoonyesha maendeleo, akiacha kazi ya kupanua na kujenga ibaki nyuma. Mtu aliye na deni hupenda kuonyesha kile kinachoonekana.

Tarehe 19 Julai 1879 aliingia handakini kutoka Göschenen akiwa na wageni, akawatembeza mpaka mbele. Walipokuwa wakirudi, alihisi maumivu. Akaketi, akaomba maji, na mara akaanguka akafa, kilometa kadhaa ndani ya mlima. Moyo wake ulikuwa umeshindwa. Alikuwa na miaka 53. Maiti yake ilitolewa kwa njia ile ile ambayo maiti za vibarua wake zilikuwa zikitolewa.

Kazi haikusimama. Miezi saba baadaye, jioni ya tarehe 28 Februari 1880, ncha ya keekee ya upande mmoja ilitokea upande wa pili. Asubuhi yake, tarehe 29, ukuta wa mwisho ulilipuliwa na watu wa Airolo wakashikana mikono na watu wa Göschenen. Inasimuliwa ya kuwa kitu cha kwanza kupitishwa katika tundu lile kilikuwa picha ya Favre ndani ya mkebe, ili yeye awe wa kwanza kuvuka. Wapimaji nao walipata heshima yao: pande mbili zilizotoka mbali zaidi ya kilometa 7 kila moja zilikutana kwa tofauti ya sentimeta 33 kwa upande na sentimeta 5 kwa kimo. Kwa vyombo vya zama zile, jambo hilo hata leo lashangaza.

Kukutana huko kulifanyika kabla ya siku ya mkataba, lakini kutoboana si kumaliza. Kupanua na kujenga kuta kuliendelea mpaka mwisho wa mwaka 1881, yaani zaidi ya mwaka mmoja baada ya tarehe 1 Oktoba 1880. Treni za kawaida kwenye reli nzima zilianza tarehe 1 Juni 1882. Wakati huo madai ya faini na ya dhamana yalikuwa yakiigandamiza kampuni ya marehemu. Kampuni hiyo iliangamia, na warithi wake hawakuiona faida ile iliyotarajiwa mwaka 1872.

Hesabu rasmi inataja watu 199 waliokufa kwa ajali katika handaki: waliopondwa na mawe, waliogongwa na magari ya kifusi, waliolipuliwa na dinamiti, waliozama. Wanne wa Göschenen hawakufa kwa ajali. Na lipo kundi jingine ambalo halikuhesabiwa vema, la wale waliorudi Italia wakiwa weupe kama karatasi, wamevimba miguu, hawawezi kupanda hata ngazi, wakafa nyumbani kwao. Madaktari kwanza walidhani ni hewa mbaya. Mwaka 1880, mjini Turin, walichunguza maiti ya mmoja wao wakakuta minyoo midogo imejaa matumboni. Profesa Edoardo Perroncito alilifuatilia jambo hilo akaonyesha kuwa ndiyo chanzo cha ugonjwa.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki hahitaji kufafanuliwa: ilikuwa safura. Ni ugonjwa wa nchi za joto, lakini ndani ya mlima wa theluji watu walikuwa wameitengeneza nchi ya joto. Hakukuwa na vyoo vya kutosha handakini. Watu walijisaidia popote, tope likawa la uvuguvugu, na wengine wakalikanyaga. Kwamba minyoo hiyo huingia kwa kupenya ngozi halikujulikana mpaka miaka ya mwisho ya karne ile, alipogundua Arthur Looss huko Cairo baada ya kuambukizwa yeye mwenyewe mkononi. Wale walioamrishwa kuchimba choo kabla ya kusimika hema, wakanung'unika, na waikumbuke Airolo. Ndoo chache na viatu vizuri vingewaokoa watu wengi kuliko mashine yoyote aliyoinunua Favre.

Handaki lilipofunguliwa liliibadilisha njia ya biashara kati ya kaskazini na kusini mwa Ulaya. Uswisi wenyewe waliona upesi ya kuwa aliyejifungulia mlango amewafungulia na wengine: kati ya mwaka 1887 na 1890 walijenga ngome Airolo, yenye mizinga, kuulinda mdomo wa kusini. Lakini habari hizo zataka makala yake.

Zaidi ya miaka 100 baadaye Waswisi waliamua kuutoboa mlima ule ule mara nyingine, safari hii chini kabisa kwenye miguu yake, ili treni ziendazo kasi zisipande mlima hata kidogo. Wananchi walikubali kwa kura mwaka 1992. Kabla ya kuanza kuchimba handaki lenyewe, wahandisi walitumia miaka kadhaa kupeleka keekee nyembamba katika mahali palipoitwa Piora, kwa kuwa waliogopa kukuta mwamba laini kama sukari uliojaa maji. Walipohakikisha kwamba katika kina cha handaki mwamba ni mkavu na imara, ndipo wakaendelea. Miaka ile ya kuuliza mlima ndiyo ambayo Favre hakupewa, wala hakuiomba.

Handaki hilo jipya lina urefu wa kilometa 57, zaidi ya masafa ya barabara kutoka Kampala mpaka Entebbe, nalo ndilo refu kuliko mahandaki yote ya reli duniani. Ni mapito mawili yanayokwenda sambamba, na treni huruhusiwa kufika mwendo wa kilometa 250 kwa saa. Sehemu kubwa ilichimbwa kwa mashine zenye urefu wa karibu meta 400, na sehemu iliyobaki kwa baruti. Mwamba wa ndani ulifikia nyuzi 45 na zaidi za joto, lakini hewa ilipozwa ili watu wasifanye kazi katika joto la kupita nyuzi 28. Pande mbili zilipokutana mwezi Oktoba 2010 tofauti ilikuwa sentimeta 8 kwa upande na sentimeta 1 kwa kimo. Lilifunguliwa tarehe 1 Juni 2016, miaka 134 kamili tangu treni za kwanza za njia ya Favre. Watu waliokufa katika kulijenga walikuwa 9.

Tarehe 10 Agosti 2023 gurudumu la behewa la mizigo lilivunjika ndani ya handaki hilo jipya, mabehewa yakaacha njia, na kilometa kadhaa za reli zikaharibika. Pito moja lilirudi kutumika baada ya wiki mbili kwa ajili ya mizigo hasa, na lile jingine halikutengemaa mpaka mwezi Septemba 2024. Katika muda wote huo sehemu kubwa ya treni za abiria ziligeuzwa zikapanda tena bonde la zamani mpaka Göschenen, zikaingia katika mdomo ule uliosimamiwa na wanamgambo mwaka 1875, zikapita chini ya tao nene la Andermatt na mahali alipoanguka Favre, zikatokea Airolo.